Mtoto Asiye wa Ukoo

Baba alikuwa akinisubiri ng'ambo ya barabara, mbele ya geti la chuo, chini ya nguzo ya umeme, hata mvua ikinyesha. Askari wa getini walishamzoea, wakawa wanamwita aingie akae kwenye kibanda chao. Alikataa kila mara, akisema viatu vyake vina tope. Lori la mboga lililomshusha kutoka Mgeta lilikuwa limeegeshwa pembeni, dereva akinywa chai, na muda aliokuwa nao baba wa kuniona ni muda wa chai hiyo tu. Baada ya hapo lori liliteremka kwenda soko la mjini, naye juu yake, kati ya magunia ya kabichi.

Mimi nilitoka bwenini mbio, na kabla sijamfikia nilikuwa nimeshawaza mengi. Anaumwa? Ada imeshindikana? Kuna msiba? Ndivyo nilivyo. Mtu akiniambia tutaonana kesho, nakaa nachambua kwa nini hakutaja saa. Baba alilijua hilo, kwa hiyo neno lake la kwanza lilikuwa lile lile siku zote.

"Hakuna baya. Nimepita tu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula vitabu. Shika hii."

Ulikuwa mfuko wa rambo wenye pichesi, wakati mwingine njegere, wakati mwingine karoti zilizooshwa mtoni mpaka zikang'aa. Pichesi alizichagua moja moja, maana pichesi ikipondeka njiani huoza siku hiyo hiyo. Aliusafirisha mfuko huo mapajani. Magunia aliyakalia.

Niliwagawia wenzangu wa chumbani. Mmoja wao, msichana mcheshi wa kutoka Ifakara, alikuwa akiangalia dirishani na kusema, "Mzee wa pichesi kafika! Wewe una baba, sisi tuna wafadhili." Nilicheka naye. Lakini neno hilo, kwamba nina baba, lilinikaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Kwa watu wa milimani, alikotoka baba, mimi nilikuwa naye na sikuwa naye.

Inanibidi nieleze. Baba alikuwa Mluguru. Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anazaa, anapenda, anabeba mabegani, lakini mtoto si wa ukoo wake. Watu wake hasa ni wapwa zake, watoto wa dada yake. Hao ndio anaowajibika kuwatunza, na hao ndio wanaorithi jina lake na shamba lake. Mtoto wake wa kumzaa hupewa jina moja kutoka upande wa baba, wanaliita mtala, na kwa jina hilo huheshimiwa, hukaribishwa, hupewa kiti. Kisha jioni hurudi kwa wajomba zake.

Hayo yote ni sawa kama una wajomba. Mama yangu alikuwa mtu wa Njombe. Alikuja Morogoro akiwa msichana, viwanda vilipokuwa vipya, wakakutana na baba kwenye kiwanda cha nguo, yeye kwenye nyuzi na baba kwenye mitambo ya kufuma. Na kwao Njombe mtoto ni wa baba. Mama alipofariki nikiwa sekondari, wajomba zangu walikuja, wakalia, wakanikumbatia, wakaniambia kwa upole kabisa, "Wewe sasa tulia kwa watu wa baba yako. Ndiko kwenu." Tukamzika mama kwenye makaburi ya mjini, wakapanda basi, wakaondoka. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na hakika kwamba kuna watu wengine wananisubiri.

Na watu wa baba walikuwa na hakika hiyo hiyo kuhusu wajomba zangu.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba mimi ni wa wapi. Tulikuwa tumekaa kizingitini, katika nyumba za kiwanda. Alifikiri kidogo, akagonga mlango kwa kisigino.

"Wewe ni wa nyumba hii."

Lilinitosha jibu hilo kwa miaka mingi. Kisha kiwanda kikasimama. Walisema serikali inajitoa kwenye biashara, atakuja mwekezaji. Watu wakapunguzwa kazi, kwanza wachache, kisha wote, baba akiwa miongoni mwa wale wa mwisho kwa sababu alijua kuifufua mitambo iliyokuwa imekufa. Mwekezaji alipokuja hakuitaka mitambo, aliutaka uwanja. Nyumba zikahitajika. Tulihama kwa mkokoteni, tukapanga chumba Mji Mpya, na mimi nikawa natembea nikiwaza: nyumba hii haipo, basi mimi ni wa wapi sasa? Sikumuuliza tena. Niliogopa angejaribu kunijibu.

Alirudi milimani kulima mboga kwenye ardhi ya ukoo wake. Kwa mboga hizo nilisoma, maana wakati huo wanafunzi tulikuwa tumeanza kuchangia gharama za masomo.

Chuoni, Mzumbe, kulikuwa na ushirika wa wanafunzi Wakristo, jioni, katika darasa moja lenye madirisha mabovu. Nilikwenda kwa sababu walikuwa wanaimba vizuri. Kijana aliyekuwa akitufundisha neno alikuwa na mada moja aliyoipenda kuliko zote: jitambue kuwa wewe ni mtoto wa Mungu, mpendwa wake. Alitutaka tufumbe macho, kila mmoja ajiambie kwa sauti. Darasa zima likavuma. Mimi nikawa nasogeza midomo tu. Kichwa changu kilikuwa kimeshakimbilia milimani. Mtoto wa Mungu. Kwa hiyo Mungu ni baba. Na baba, kwa tulivyo sisi, ni mtu anayekupenda sana na ambaye huwezi kumdai kitu. Una jina lake, huna mahali kwake. Siku ya hesabu, wapwa zake wataitwa ndani na wewe utabaki uani umeshika kiti ulichopewa kwa heshima.

Nilimweleza yule kijana. Alinitazama kwa huruma, akasema nisifikiri sana. Huo ni ushauri niliopewa na watu wengi, na hakuna aliyewahi kunieleza unafanywaje.

Tangu hapo kila sala ya Baba Yetu ilinishinda mwanzoni kabisa. Wenzangu walipofika kwenye mkate wa kila siku, mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye maneno mawili ya kwanza. Hilo "yetu" lilikuwa la kina nani?

Nilimaliza chuo wakati serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi. Nilizunguka na bahasha ya kaki. Kila aliposhuka, baba alikuwa akinitazama chumbani Mji Mpya nikiipiga pasi blauzi yangu moja, naye anakohoa kikohozi alichotoka nacho kiwandani, vumbi la pamba la miaka yote ile. Milima yenye baridi ilikizidisha. Mvua za masika zilipoanza alishuka na lori akiwa amelala juu ya magunia, na safari hiyo lori halikusimama mbele ya chuo. Alilazwa. Nilikaa kando ya kitanda chake nikimpepea kwa bahasha yangu.

"Hakuna baya," alisema, akiwa hawezi kumaliza pumzi.

Alifariki asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu, mimi nimekwenda bombani kujaza maji kwenye chupa.

Nilikuwa na jambo moja tu nililolitaka: azikwe kando ya mama. Nilikuwa nimelipanga kichwani, na sababu zake, na majibu ya pingamizi zote nilizoweza kuzifikiria. Shangazi, dada yake baba, aliwasili na lori lile lile la mboga, limeoshwa, limetandikwa majani ya migomba. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye uso wa baba kabisa, na kuutazama uso ule siku ile kulikuwa adhabu.

"Tumekuja kumchukua ndugu yetu," alisema.

"Shikamoo, shangazi. Mama amelala hapa mjini. Nilikuwa naomba baba naye—"

"Alisema hivyo?"

"Hakusema. Lakini alikuwa anakwenda pale kila akishuka mjini, anapalilia."

"Alisema, mbele ya mtu?"

Sikuwa na mtu. Majibu yangu yote niliyoyapanga yalikuwa ya maswali mengine.

"Basi. Panda mbele kwa dereva, nyuma kuna baridi." Akanifunga kanga yake mabegani, kwa nguvu, kama anayefunga mzigo, akapanda nyuma akakaa na jeneza. Nilikaa mbele, joto, nikiwaza kama kile kiti cha mbele kilikuwa heshima au kilikuwa njia ya kunitenga na baba. Nadhani vilikuwa vyote viwili. Tulipita mbele ya geti la chuo. Dereva, kwa mazoea, alipunguza mwendo.

Milimani kulikuwa na ukungu, na watu wengi waliovaa makoti. Katekista aliongoza sala, jeneza likashushwa katika makaburi ya ukoo, mahali ambapo mteremko unalegea kidogo kabla ya kuporomoka tena mtoni. Wapwa walirusha udongo kwanza. Mimi niliitwa baadaye, kwa heshima, kwa jina langu la mtala. Niliokota udongo ukanishika vidoleni, mwekundu, mbichi, haukutaka kudondoka.

Tukarudi kukaa matanga, na hapo watani wakaanza kazi yao.

Asiyewajua watani anaweza kudhani ni wendawazimu. Ni watu wa koo zilizo na ruhusa ya zamani ya kututania, na msibani ndipo ruhusa hiyo hufanya kazi zaidi. Wao wamechimba kaburi, wao wanapika, na wao wanawachekesha wafiwa wapende wasipende. Mmoja wao, mama mnene mwenye sauti nene, aliingia ndani, akatoka amevaa koti la baba. Lile la kiwandani, la bluu iliyopauka. Alikuwa ametafuta na mfuko wa rambo. Akaanza kutembea uani kama baba, mguu mmoja ukiburuta kidogo, kiwiko kimebana mfuko usitikisike.

Watu waliangua kicheko, machozi yakiwatoka. Alikuwa yeye. Sikujua mpaka siku ile kwamba baba alikuwa akiburuta mguu.

"Nishushe hapo hapo, dereva!" alisema yule mtani kwa sauti ya baba. "Nina mtoto wangu hapo. Amesoma! Amesoma mpaka anaogopa kuku. Subiri nimpelekee pichesi, asije akala karatasi!"

"Pichesi zenyewe umetupa sisi lini?" mwingine akamdaka.

"Zenu zimeoza! Nyinyi mnajua kuchuma. Huyu wangu akishika pichesi anaiuliza kwanza inatoka wapi."

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka, nimeinamisha kichwa, na kicheko kikageuka katikati. Ikabidi niume kanga ya shangazi.

Kisha yule mtani akasimama katikati ya uwanja, akaufungua mkono wake kama baba anayeita kuku. "Haya! Mimi nakwenda zangu. Walio wangu waje wakae hapa nilipo, niwaone mara ya mwisho!"

Huo ulikuwa utani, lakini utani huo una kawaida yake. Wapwa waliinuka wakaja kukaa miguuni pake, wanaume watu wazima na wanawake wenye watoto mgongoni, wanasukumana, wanacheka. Shangazi akakaa. Watoto wa shangazi mdogo aliyekwisha kufa wakakaa. Mimi nilikuwa nimeinuka nusu. Goti moja lilikuwa limeshaacha mkeka. Nikabaki hivyo hivyo, siendi wala sikai, kichwa kinazunguka: nikienda wataninyamazia, nisipoenda nitakuwa nimemkana baba mbele ya watu.

Mtani akaniona. "Na huyu aliyesimama kama nguzo ya umeme ni wa nani?"

"Huyo wa kwao," sauti moja ikajibu.

"Kwao wapi?"

"Kwao mama yake. Njombe huko."

"Njombe nao wanasema wa hapa!" akapiga kofi. "Jamani, mtoto wa watu amekuwa wa kituo cha basi!"

Kicheko kikalipuka, kikubwa kuliko vyote. Hakuwa na nia mbaya. Kazi ya mtani ni kulitoa nje lile ambalo kila mtu amelinyamazia. Nilikaa chini. Mkeka ulikuwa na unyevu. Nakumbuka nilijiambia, kwa utulivu wa ajabu, sasa imesemwa.

Matanga yalipoanuliwa, wazee walikaa kugawa alivyoacha marehemu. Aliyeongoza alikuwa mjomba wake baba, mzee mdogo wa umbo aliyejifunika blanketi. Jina la baba lilipewa mtoto mkubwa wa shangazi. Shamba la mboga likarudi kwa ukoo. Koti alipewa yule mtani kwa kazi yake, ndiyo haki yake. Kisha mzee akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilisimama. Nilikuwa nimekariri neno langu tangu alfajiri, nimelipunguza mara nyingi mpaka likabaki dogo lisiloweza kumuudhi mtu. Sikuwa naomba shamba.

"Babu, shikamoo. Naomba kaburi la baba niwe nalipalilia mimi. Nitakuwa napanda lori, nakuja, nasafisha, naondoka. Hata maua sitapanda bila ruhusa. Hilo tu."

Wazee walitazamana. Mzee alilivuta blanketi.

"Mjukuu wangu, umesema kwa adabu. Ndugu yetu alikuzaa, na jina letu unalo, na ukija hapa utakula. Lakini kaburi lile ni la ukoo, na makaburi ya ukoo yanapaliliwa na ukoo. Nikikupa jembe wewe, kesho wajomba zako watasema tumekuchukua. Hatuchukui mtoto wa watu."

"Wajomba zangu hawatasema kitu, babu."

"Watasema. Ni watu."

Nikasema asante. Hicho ndicho kinachoniuma hadi leo kuliko jibu lenyewe, kwamba nilisema asante na nikapiga goti, kama vile nimepewa.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta shangazi nyuma ya nyumba, anachambua njegere za kupelekwa sokoni. Nilimrudishia kanga yake imekunjwa. Hakuipokea. Aliendelea kupasua maganda kwa kidole gumba, njegere zinaanguka kwenye sinia.

"We mtoto, nikuulize, maana umesoma."

"Niulize, shangazi."

"Wanangu mimi, kaka yangu aliwasomesha. Aliwaoza. Mmoja alipofungwa, alikwenda kumtoa. Ilikuwa kazi yake, na asingeifanya ningemwita mbele ya wazee, na yeye alijua hivyo. Sawa?"

"Sawa."

"Wewe je?"

Sikuelewa.

"Wewe alikusomesha kwa nini? Tulimkalisha hapa hapa. Tulimwambia, unalima ardhi ya ukoo unamlisha mtu wa watu. Ukizeeka hatakuwa wako. Ukifa hatakuwa na kazi yoyote juu yako. Unapata nini?" Akatupa ganda. "Unajua alitujibu nini?"

"Sijui."

"Alicheka! Alituangalia wote akacheka, akachukua jembe akaenda zake kupalilia zile pichesi. Na hakumpa mtu kuzichuma, sisi tulikuwa tunakula zilizoanguka. Mpaka leo sijui alikuwa anataka nini kwako." Sauti yake ilikuwa imepanda, na nikaona kwamba mikono imesimama. "Sisi alitupa, sisemi hakutupa. Alitupa kwa sababu hana njia. Wewe nani alimlazimisha?"

Alikuwa ananilaumu. Nataka hilo lieleweke, hakunifariji hata kidogo. Alikuwa dada aliyempoteza kaka yake, na alikuwa na hasira ya miaka mingi kwa sababu ya pichesi, na mimi nilikuwa ndiye niliyezila. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye ute wa njegere.

"Kanga kaa nayo," alisema. "Chini kuna mvua."

Nilishuka na lori. Nilikuwa nyuma safari hii, juu ya magunia. Swali lake lilinifuata kila kona. Kwa mara ya kwanza kichwa changu, ambacho huwa hakikosi majibu kumi, hakikuwa na hata moja. Nani alimlazimisha? Nilipekua. Mila? Mila ilimruhusu aniache. Dini? Katekista mwenyewe kaburini alimsifu kwa kuwatunza wapwa zake. Faida? Nilikuwa sina kazi, sina mume, sina hata mahali pa kumzika. Aibu? Aibu ilikuwa upande wa pili, alikalishwa chini na wazee kwa ajili yangu. Nilitoa kila sababu moja moja mpaka zikaisha, na pale chini, zilipoisha, palibaki mtu anayecheka na kuchukua jembe.

Nilikuwa nimelalamika maisha yangu yote kwamba siwezi kumdai. Sikuwahi kufikiri kwamba hata tukio moja kati ya yale, mfuko mmoja, safari moja ya mvua, halikutokana na deni.

Nisiseme kwamba nilipona palepale. Nilikuwa nalia nimeshika kamba ya turubai, na wachuuzi wawili waliokuwa nami juu ya magunia walikuwa wanajifanya wanaangalia mabonde. Baba alikuwa amebaki kule juu, mama chini, na mimi sikuwa na jembe la kwake wala mtu wa kwenda naye kwa mama. Kupendwa hakukuniondolea hata kimoja katika hivyo.

Lori likasimama mbele ya chuo. Dereva akashuka kunywa chai yake. Sikuwa nimepanga, lakini miguu ilishuka, nikavuka barabara, nikaenda kusimama chini ya ile nguzo ya umeme.

Miaka yote ya chuo sikuwahi kusimama upande ule. Mimi nilikuwa mtu wa kutoka getini, natazama huku na huku, namtafuta, namwona, nakimbia. Siku zote nilidhani mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilipogeuka sasa kutazama geti kutoka kwenye nguzo, niliona kitu ambacho hakikuwa kimewahi kunijia kichwani. Geti lile lina nafasi kati ya nondo, na kutoka pale tu, pale penye nguzo, njia ya mabweni inaonekana yote, tangu juu kabisa kwenye miti, inavyoteremka, inavyopita kantini, mpaka barabarani. Kutoka kwenye kibanda cha askari haionekani. Ukuta unaiziba.

Kwa hiyo haikuwa tope la viatu.

Alikuwa akiniona tangu bwenini. Nikikimbia na hofu zangu zote, nikijiuliza amekuja na baya gani, yeye alikuwa ananitazama njia nzima.

Askari mmoja, kijana nisiyemjua, alitoka kibandani. "Dada, unamsubiri mtu?"

"Hapana," nikasema. Kisha nikasema, "Nipo na baba."

Aliangalia nyuma yangu, akaangalia lori, akarudi ndani. Ilianza mvua. Nilijifunika kanga ya shangazi kichwani, nikafumba macho pale barabarani kama walivyotufundisha darasani, na nikayasema yale maneno mawili ya kwanza. Nilishindwa kuendelea na yanayofuata, kwa kilio. Lakini safari hii sikuwa nimekwama. Nilikuwa nimefika hapo nikaona pananitosha, nikayarudia hayo hayo, hayo hayo, mpaka dereva alipomaliza chai akapiga honi.